Kutangaza kitabu chako Nairobi kwa nauli na miguu: mwongozo kamili kwa mwandishi anayejichapishia

Umeshalipa mpiga chapa, maboksi yamefika, yamepangwa chini ya kitanda, na jamaa wa karibu wameshanunua nakala zao. Baada ya hapo kimya. Ushauri ambao waandishi wengi hupewa wakati huo ni kuchapisha vipeperushi elfu moja na kuvigawa mjini. Pesa hiyo iache kwanza. Watu wa Nairobi hupewa vikaratasi kila siku pale Archives, na vingi vinaanguka chini kabla aliyepewa hajavuka Tom Mboya.

Kitabu cha mtu asiyejulikana hununuliwa na yule aliyesikia au kusoma ukurasa wake mmoja akataka kujua kinachofuata. Ndiyo maana kila njia iliyomo humu nimeipima kwa swali moja: je, itamfikisha mtu mpaka ndani ya kitabu? Zisizomfikisha nimeziacha nje, hata zile zinazopendwa na wengi.

Kwanza, andaa vipande vyako

Kabla hujatoka nyumbani, chagua vipande vitatu vya kusoma kwa sauti. Kila kimoja kiwe cha dakika tatu hivi, yaani maneno 300 hadi 350 kwa msomaji asiyekimbia. Kimoja kiwe cha kusomea watu wazima wowote, kimoja unachoweza kusoma mbele ya watoto wa shule, na kimoja ambacho hakitamkera mtu kanisani au msikitini. Epuka sehemu zenye wahusika wengi. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma kuangalia nani ni nani. Na uishie pabaya: mlango umegongwa, barua imefunguliwa, msichana ameulizwa swali ambalo hawezi kulijibu. Hapo funga kitabu.

Soma kwa sauti nyumbani mpaka uweze kuinua macho na kuwatazama watu bila kupotea mstari. Kazi hii haina gharama yoyote, na kwa maoni yangu inashinda mabango yote. Mwandishi anayesoma vizuri huuza hata kama jalada lake ni la kawaida.

Sasa mambo ya karatasi. Namba ya ISBN, ile inayokitambulisha kitabu popote kiendapo, nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa, KNLS. Kama hukuichukua kabla ya kuchapisha, ichukue kabla ya toleo lijalo, maana maduka makubwa na maktaba huiuliza. Fungua Pochi la Biashara, ile huduma ya M-Pesa ya kupokea malipo, ili pesa ya kitabu isichanganyike na ya unga. Panga bei isiyo na vijisenti: 500 au 600. Halafu nenda River Road utengenezewe muhuri mdogo wenye jina lako na jina la kitabu. Nakala yoyote inayotoka mikononi mwako ipigwe muhuri ukurasa wa ndani na uitie sahihi. Msomaji hufurahi, na siku utakapokuta nakala isiyo na muhuri barabarani utajua kuna mtu anakuchapishia bila ruhusa.

Vitu viwili tu vya kuchapisha

Cha kwanza ni kialamisho. Karatasi moja ya A4 ikikatwa safu nne kwa mbili hutoa vialamisho 8, kila kimoja upana wa sentimita tano na kitu na urefu wa karibu 15. Chapisha kwa wino mweusi juu ya manila ya rangi. Ni rahisi kuliko rangi kamili, na inapendeza. Juu yake weka sentensi moja kutoka kitabuni, ile kali kuliko zote, kisha jina la kitabu, jina lako, bei, mahali pamoja pa kukipata na nambari ya simu. Usijaze sifa. "Kitabu bora cha mwaka" hakimwambii mtu chochote, lakini sentensi yako mwenyewe inamwonjesha. Uzuri wa kialamisho ni kwamba hakitupwi. Kinaingia ndani ya Biblia, ndani ya daftari la mwanafunzi, kinakaa humo miezi.

Cha pili ni kijitabu cha sura ya kwanza. Karatasi mbili za A4 zikichapwa pande zote mbili, zikapachikwa na kukunjwa katikati, hutoa kurasa 8 za A5. Pini mbili mgongoni na kazi imekwisha. Ukurasa wa mwisho andika: "Hadithi inaendelea. Nakala inapatikana kwa…" na utaje mahali. Kama sura yako ya kwanza ni ndefu, kata pale mambo yanapochacha.

River Road na vichochoro vyake vimejaa wapiga chapa. Uliza bei kwa watatu, peleka kazi ikiwa imepangwa tayari katika faili ya PDF ili usilipie usanifu, na ukae hapo uone nakala ya kwanza kabla hawajaendelea. Chapisha kidogo: vialamisho 200 na vijitabu 30 vinatosha kuanzia.

Saluni na kinyozi

Hapa ndipo ninapotaka ukae kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hakuna sehemu Nairobi ambapo mtu mzima hukaa muda mrefu hivyo bila la kufanya. Kusuka rasta hula nusu siku. Televisheni inaonyesha video zilezile, simu imewekwa chaji, mikono haina kazi. Kwa kinyozi Jumamosi jioni foleni ni ya saa nzima.

Anza na saluni unayoijua, pengine inayomsuka dada yako au mkeo. Usiingie siku ya Ijumaa wala Jumamosi kuzungumza na mwenyewe. Nenda Jumanne asubuhi wakati viti viko wazi. Msalimie, jitambulishe, mwombe ruhusa, halafu umwambie mpango wako kwa ufupi: "Mama, mimi ni mwandishi, naishi hapa nyuma ya stejini. Naomba kukuachia kitabu kimoja wateja wakisome wakisubiri. Hiki si cha kuuza. Vingine vitatu nitaviacha kwenye droo. Kila kimoja kikiuzwa, shilingi mia ni yako."

Nakala ya kusomwa ifunike kwa plastiki ngumu kama tulivyofunika vitabu shuleni, kwa sababu mafuta ya nywele na maji vitaimaliza wiki ya kwanza. Juu ya jalada bandika karatasi: "Soma hapa. Cha kwenda nacho nyumbani uliza kwa mwenye saluni." Acha kitabu kizima, usikate kurasa za mwisho. Najua waandishi wanaoogopa kwamba mtu atakimaliza bure. Mteja anaondoka akiwa amefika ukurasa wa 60, nywele zimekwisha, na mwezi ujao ni mbali. Huyo ndiye mnunuzi wako.

Mara nyingi jambo zuri zaidi hutokea bila wewe kulipanga: mteja mmoja anaanza kusomea wenzake kwa sauti, msusi anauliza maswali, mwingine anasema mhusika fulani ni kama jirani yake. Ukipata ruhusa ya kukaa hapo siku moja tulivu, wasomee mwenyewe kipande kimoja, kisha nyamaza usikilize wanavyobishana. Utajifunza kitabu chako kinahusu nini, na maneno yao utayatumia kila utakapoulizwa.

Rudi kila wiki, siku ileile. Hesabu nakala, mlipe mwenye saluni fedha yake papo hapo, na mwandikie kwenye daftari mbele yake. Ukichelewesha ile mia yake hata mara moja, kitabu chako kitashinda chini ya kreti ya soda. Saluni mbili na vinyozi wawili wanatosha kwa miezi miwili ya kwanza. Ukiwa na kumi hutaweza kuzizungukia, na mali itapotea.

Chama, kanisa, msikiti

Vyama vya akina mama na vya vijana hukutana kwa ratiba, na wanachama huja na pesa. Usiombe kuuza. Mwombe mwenyekiti au katibu dakika tano mwisho wa kikao, baada ya michango kuhesabiwa, usome kipande kimoja. Kisha wape njia ya kununua kwa pamoja: nakala tano kwa bei ya nne na nusu, wazungushane. Chama kikishazungumza kuhusu kitabu chako katika kikao kinachofuata, umeshapata kile ambacho tangazo haliwezi kukupa.

Kanisani pitia kwa katibu wa parokia au mzee wa kanisa wiki mbili kabla, na umwachie nakala aisome. Huenda akakukatalia, na ana haki. Akikubali, meza nje ya lango baada ya ibada inatosha. Sema wazi kwamba sehemu ya mauzo ya siku hiyo itaenda kwenye mradi wao, na uipeleke kweli. Msikitini zungumza na kamati. Kitabu cha watoto au cha malezi hupokelewa kwa urahisi zaidi kupitia madrasa.

Maktaba

Tuna maktaba zenye watu, na waandishi wengi hawazitumii. Maktaba ya McMillan iliyoko Banda Street ilifunguliwa mwaka 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara yamefufuliwa kwa kazi ya Book Bunk, shirika lililoanzishwa mwaka 2017. KNLS nayo ina Maktaba Kuu kule Community na tawi la Buruburu. Nenda ana kwa ana, umtafute mkutubi, umpe nakala moja ya bure, na umwombe saa moja ya kusomea watoto au vijana.

Mtazame mkutubi kama mtu wa kushirikiana naye kwa miaka, siyo siku moja. Anajua nani huazima hadithi za mapenzi, nani hutafuta historia, na kikundi gani cha wasomaji hukutana hapo. Mwulize akutambulishe kwa kikundi kimoja. Na kama kitabu chako ni cha Kiswahili, mkumbushe kuhusu tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, mapema Mei wakati ratiba bado iko wazi. Tarehe 23 Aprili, Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, nayo ni nafasi. Barua ya kuomba iwe imefika Februari.

Shule

Shule zina wasomaji wengi na zina taratibu zake. Vitabu vya kufundishia huidhinishwa na KICD, taasisi ya ukuzaji wa mitaala, kwa hiyo usiingie ofisi ya mwalimu mkuu ukisema unaleta kitabu cha darasani. Unaleta kitabu cha maktaba na cha ziada.

Mtu wa kumtafuta ni mwalimu mlezi wa chama cha Kiswahili, au wa chama cha uandishi au wanahabari kama kipo. Mpe nakala, mwache aisome wiki mbili, halafu yeye ndiye atakayekupeleka kwa mkuu. Toa kitu ambacho shule inakihitaji: somo la dakika 40 juu ya namna ya kuanza insha ya masimulizi, ukitumia kitabu chako kama mfano wa mara mbili tatu tu. Walimu wanakumbuka mgeni aliyewafundishia, na humwita tena.

Muhula wa kwanza na wa pili ndio wako. Muhula wa tatu watahiniwa na walimu wao wako kwenye mitihani ya kitaifa. Kuhusu kuuza, mweleze mkuu mapema na uandike barua fupi kwa wazazi yenye jina la kitabu, bei na siku utakayorudi. Mtoto asinunue kwa nauli yake. Hilo nalisisitiza kwa moyo wote: mwandishi anayewauzia watoto bila wazazi kujua anawafungia milango wenzake wote watakaofuata.

Wauza vitabu

Wale wa barabarani, wenye "inama bookshop", yaani vitabu vilivyotandazwa chini mpaka uiname kuchagua, wanawajua wasomaji wa jiji hili kwa sura. Zungumza na mmoja aliye kwenye njia unayopita kila siku, muuzie nakala mbili kwa bei ya jumla au umwachie mali kauli, na umwombe aziweke mbele mahali macho yanapoanguka. Mpe pia vialamisho avipachike kwenye vitabu vingine anavyouza. Kila mteja wake ataondoka na sentensi yako.

Kwa maduka, anza na yale yanayopokea wanaojichapishia. Nuria, lililoko Bazaar Plaza kwenye Moi Avenue, limejenga jina kwa kuuza vitabu vya waandishi huru. Prestige pale Mama Ngina Street na Text Book Centre uyaendee ukiwa na ISBN, karatasi moja ya maelezo na mauzo kidogo ya kuonyesha. Uliza mambo manne na uyatake kwa maandishi: duka linachukua asilimia ngapi, linalipa baada ya muda gani, nani anagharimia nakala iliyochafuka, na nakala zisizouzwa utazichukua lini.

Piga hesabu kabla ya kukubali. Tuseme bei ni 600 na kuchapa kila nakala kulikugharimu 250. Saluni ukiilipa 100 unabaki na 250. Duka likichukua asilimia 35, yaani 210, unabaki na 140, na hapo hujatoa nauli. Dukani kuna faida yake, kwa kuwa mtu aliyekusikia redioni atataka mahali pa uhakika pa kwenda, lakini usipeleke maboksi yote huko ukingoje.

Redio ya mtaani

Vituo vya mitaa kama Pamoja FM ya Kibera na Koch FM ya Korogocho viko karibu na watu wao, na mtangazaji anayetafuta mgeni wa kipindi si vigumu kumfikia. Sikiliza kipindi wiki moja kwanza. Kisha fika kituoni au upige simu, umwombe mtangazaji mwenyewe, na umpelekee nakala yenye vialamisho kwenye kurasa mbili, karatasi yenye maswali matano anayoweza kukuuliza, na nakala mbili za kuwazawadia wasikilizaji.

Ukiwa hewani, omba kusoma kipande. Kisha taja mahali pamoja pa kukipata kitabu, mara mbili, polepole. Ukitaja maduka manne hakuna atakayekumbuka hata moja.

Matatu, kuta na askari wa kaunti

Ndani ya basi linalongoja abiria kwenda mbali, kusoma kunawezekana. Wahubiri na wauza dawa wanafanya hivyo pale Machakos Country Bus kila siku. Omba makanga, soma dakika mbili, shuka. Mimi naiweka njia hii chini kabisa, maana abiria hajakuomba, na wengi wamechoka.

Usibandike mabango kwenye nguzo na kuta za jiji. Matangazo ya nje yanahitaji kibali cha kaunti, na kanjo, yaani askari wa kaunti, akikukuta, faini itakula faida ya boksi zima. Kuchuuza katikati ya mji nako kuna masharti yake. Na ukitaka kukusanya watu uwanjani, sheria inataka polisi wapewe taarifa siku 3 hadi 14 kabla. Ukumbi wa mtaa hauna usumbufu huo.

Uzinduzi wa bei nafuu

Usikodi hoteli. Ukumbi wa jamii, chumba cha maktaba au darasa la shule siku ya Jumamosi, pamoja na chai na mandazi, vinatosha watu 50. Mgeni rasmi awe mtu ambaye hadhira yako inamheshimu kwa kusoma: mwalimu wako wa zamani ananifurahisha kuliko mwanasiasa atakayefika saa tatu baadaye na kuondoka na hadhira yote. Desturi yetu ya mgeni rasmi kununua nakala ya kwanza kwa bei ya juu ni nzuri. Mweleze mapema asipate mshtuko, na umwombe anunue nakala za shule ya jirani.

Ratiba iwe fupi. Hotuba mbili, basi. Wape watu watatu kutoka kwenye hadhira kila mmoja kipande cha kusoma, wawe wamefanya mazoezi: msichana wa sekondari, mzee wa mtaa, kinyozi wako. Kila mmoja ataleta watu wake wa kumsikiliza. Meza ya mauzo iwe mlangoni, na asimamie mtu mwingine ili wewe utie sahihi.

Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yanayoandaliwa na Chama cha Wachapishaji Kenya pale Sarit, ni makubwa kwa mwandishi mmoja kukodi meza. Unganeni wanne au watano, mgawane gharama na zamu.

Daftari

Nunua daftari la mistari, uchore safu tano: tarehe, mahali, nakala zilizoachwa, zilizouzwa, pesa iliyopokelewa. Kurasa za nyuma ziwe za wasomaji: jina, simu, na mahali walipokutana na kitabu. Omba ruhusa kabla ya kuandika nambari ya mtu na umweleze utaitumia kwa nini. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka hivyo, na ni adabu. Siku kitabu chako cha pili kikiwa karibu, watu hawa ndio utakaowapigia kuwauliza nani analipia nakala yake mapema, na malipo yao yatasaidia kumlipa mpiga chapa.

Kila mwisho wa mwezi pitia safu ya mahali. Palipouza pelekee nakala zaidi, na palipokaa miezi miwili bila kuuza chukua vitabu vyako kwa heshima, umshukuru mwenyewe, uvipeleke kwingine. Zikibaki nakala 20, simama. Mlipe kila anayekudai, awe mwenye duka, saluni au ukumbi, kusanya makosa ya chapa ambayo wasomaji wamekuonyesha, yasahihishe kwenye faili, ndipo urudi River Road kuuliza bei ya toleo la pili.